Buloni Juu ya Sindano

Nilimsikia mama yangu mzazi kwa mara ya kwanza siku ya posho, njo Jumamosi, nikiwa katikati ya barabara ya Kitchanga na mtoto mgongoni. Mama alikufa nikiwa bado nanyonya, kwa hiyo sauti yake sikuijua. Wimbo ndio niliujua, maana baba ameuimba vibaya maisha yake yote: wimbo wa kushukuru mavuno ya maharagi, kwa Kihunde, wasichana kumi na wawili wanaimba pamoja, halafu kwenye ubeti wa tatu kumi na mmoja wananyamaza na anabaki mmoja. Huyo mmoja njo mama.

Sauti ilikuwa inatoka kwenye bafle, spika kubwa iliyowekwa juu ya kiti, mbele ya nyumba ya fundi wa redio. Ni fundi yule yule ambaye majuma matatu kabla nilimwachia fono ya baba, machine yake ya kupigia santuri, pamoja na diski ya wimbo huo. Mara nne nilikuja kumuuliza, mara nne akanijibu kesho. Hii ilikuwa mara ya tano. Watu walikuwa wamesimama pale, wengine wakingoja simu zao zijae moto wa umeme, na mama mmoja mwenye beseni la ndizi alikuwa anatikisa kichwa taratibu kama yuko kanisani.

Pengine muntu mwingine angelia. Mimi sikulia, kwa sababu nyuma ya wimbo kulikuwa kelele, kama mahindi yanayokaangwa bila mafuta, na kelele ile nilijua maana yake. Diski ilikuwa inaliwa.

Niliingia. Fono ilikuwa juu ya meza, wazi, inazunguka. Juu ya kile kichwa kidogo chenye kubeba sindano, fundi alikuwa amefunga buloni, bolti ya pikipiki, kwa kipande cha mpira wa chambreri, ule wa ndani ya gurudumu. Buloni nzima, na nati yake.

"Mama, karibu," fundi aliniambia. Alikuwa na kijiti mdomoni, amefurahi kabisa. "Unasikia venye inaimba? Tangu siku ya ine bantu banasimama hapa. Hata wale wa ngambo banakuja kuuliza."

"Tangu Alhamisi umeipiga mara ngapi?"

"Mama, nani anahesabu wimbo?"

Hapo hapo kumi na mmoja walinyamaza. Nilisikia sauti moja ikibaki, nyembamba, ya chini kuliko nilivyofikiri, na inakwaruzwa. Nilikuwa na mambo mawili ya kuchagua na wakati wa kuchagua haukuwako: nimsikilize mpaka mwisho, na sindano ile imchimbe mpaka mwisho, ao nimkatishe. Nilinyoosha mkono nikainua ule mkono wa fono.

"Dada, acha," mama wa ndizi alisema kutoka nje. "Ilikuwa imefika pale pazuri."

Nilimgeukia. Sitaandika nilichomwambia, alikuwa hana kosa. Halafu nilimgeukia fundi na nikamwambia kwa sauti ambayo mtoto mgongoni aliamka nayo: "Wewe ni muharibifu. Sindano yangu mupya iko wapi?"

Sasa lazima nieleze, maana wengi walinikuta sokoni nikipiga kelele juu ya sindano na wakasema mtoto wa mwalimu amechanganyikiwa.

Padri mmoja wa zamani, kabla mimi sijazaliwa, alileta machine ya kurekodi kule kwetu kwenye vilima akawaimbisha wasichana wa kwaya. Kanda ilienda mbali, ikarudi ikiwa diski, chache tu, kila familia moja. Watu wa Masisi tunajua namna vitu vinavyopotea: leo uko na kabati, kesho uko na kile ulichoweza kubeba kichwani. Diski za wengine zilibaki njiani. Ya kwetu baba aliibeba ndani ya kitenge, katikati ya mifuniko miwili ya sanduku, hata siku ambayo sufuria ziliachwa. Na fono padri alimwachia yeye, kwa sababu alikuwa mwalimu na alijua kusoma karatasi yake ya maelezo.

Baada ya mazishi ya mama hakuipiga tena. Miaka ikapita. Siku alipojisikia nguvu ya kuipiga, alifungua akakuta sindano imekatika na waya nne nyembamba nyuma ya kichwa zimeliwa na panya. Akafunga. Mimi nimekulia pembeni ya sanduku ambalo mama yangu alikuwa ndani, na hakuna aliyeweza kumfungulia.

Nilipozaa, nilimpa mtoto jina la bibi yake. Baba akateremka kutoka Pinga mpaka kwangu Burungu na pikipiki, fono kwenye mapaja yake, njia ile ya matope ambayo hata watu wazima wanatapika. Aliiweka chini mbele yangu akasema: "Mutoto asikie mahali jina yake inatokea." Na mimi nikapanga. Sikutaka kucheza na diski kila siku. Nilitaka ipigwe mara moja tu, vizuri, simu iko karibu inarekodi, halafu irudi kwenye mifuniko yake. Mara moja. Ndiyo yote niliyoomba katika dunia hii.

Kutafuta sindano ya fono ya zamani ni kama kutafuta mume kwa picha. Watu hawajui kwamba kila kichwa kina sindano yake. Ile plastiki ndogo inayoshika sindano inaingia kwenye kichwa kama mguu ndani ya kiatu. Ikiwa si ya ukoo ule, haiingii. Namba ya kichwa chetu ilikuwa imefutika. Niliosha na mate, nikaangalia kwenye jua, nikabaki na herufi moja na nusu. Nikapiga picha pande zote, nikapima na rula ya shule, nikampelekea mama mmoja mchuuzi wa upande wa Butembo ambaye ana duka hapa Kitchanga na ndugu zake wanapita mpaka Kampala. Yeye ni Mkatoliki wa kweli kweli, anafunga duka saa ya Angelus hata kama mteja ameshika bidhaa mkononi.

"Dada," aliniambia, "mimi nimeshatafutia bantu pièce za gari ambayo haitengenezwi tena. Sindano ni nini."

Sindano ya kwanza ilikuja baada ya mwezi. Rangi yake nyekundu, ya kwetu ilikuwa nyeusi. Haikuingia. Ya pili ilikuja nyeusi, ikaingia vizuri, tak, na nikafurahi mpaka nikamkumbatia. Lakini nimesoma, nina diploma yangu ya serikali, na kwenye karatasi ya baba kulikuwa maneno kwamba kuna sindano za diski za zamani sana, zile nzito za kabla ya wazazi wetu, na kwamba sindano hizo ni nene na hazipaswi kugusa diski ya namna yetu. Nikamwomba mama mchuuzi lupu yake, ile lenzi ya kukuza vitu. Ana lupu ya kuangalia mawe, kwa sababu wachimbaji wanamletea turmalini kabla ya kuwapelekea wakubwa. Tukaweka sindano juu ya karatasi nyeupe na kuangalia kwa zamu. Ncha ilikuwa nene kama kidole gumba.

"Hii ni jembe," alisema. Akairudisha.

Ya tatu njo ilikuwa yenyewe. Nyeusi, inaingia, na ncha yake haikuwa ya mviringo. Ilichongwa kama yai, pana huku, nyembamba huku. Ndugu yake wa Kampala alituma na ujumbe wa sauti kwenye simu kueleza. Alisema ncha ya yai inashuka chini zaidi ndani ya mfereji wa diski, inagusa mahali ambapo sindano za kawaida hazifiki. Sikujua siku ile kwamba maneno hayo yatakuja kunikosesha usingizi.

Kilichobaki kilikuwa uzito. Karatasi ya baba inasema gramu mbili, hata mbili na nusu, isipite. Ikiwa nyepesi sana sindano inaruka, ikiwa nzito inachimba. Gramu mbili utazipimia wapi hapa? Mizani ya maharagi haijui gramu mbili. Lakini yule mama mchuuzi yuko na mizani ya kupimia zahabu, ile ndogo ya kuingia mfukoni, ambayo hata ukipumulia karibu inabadilika. Tulijaribisha na kichwa chenyewe, duka limefungwa upepo usiingie. Ilifanya kazi. Tulikubaliana: waya zikishatengenezwa, nitaleta fono dukani, tutashusha mkono juu ya mizani, tutazungusha ule uzito wa nyuma mpaka isome mbili, ndipo tupige.

Waya sikuweza mimi. Ni nyembamba kama nywele na zinahitaji mkono wa kusude, yaani kulehemu. Ndiyo maana nilienda kwa fundi. Na hapa ni kosa langu, ninaliandika lisije likaandikwa na mwingine. Fundi alisema: "Mama, uniachie na diski. Kiatu hakipimwe bila muguu." Nilijua ni uongo. Kusude waya hakuhitaji diski. Lakini alisema kwa ujuzi, na mtoto alikuwa analia, na nilikuwa na safari ya kurudi Burungu kabla mvua haijakata njia. Nikamwachia diski, na sindano mpya tayari ndani ya kichwa cha fono. Juu ya bahasha ya diski niliandika na kalamu nyekundu, herufi kubwa: USIPIGE.

Siku ya posho ile nilimuonyesha bahasha. Alikuwa ameiegemeza kwenye dirisha kama tangazo.

"Umesoma hii?"

"Nilisoma, mama. Nilifikiri njo jina ya wimbo."

Watu walicheka. Na mimi ningecheka kama ingekuwa diski ya mtu mwingine.

Mafundi wetu wote wana desturi moja, na hakuna anayeiona kuwa mbaya: kitu cha mteja kikishapona, kinabaki mbele ya mlango kikiimba, ili wapita njia wajue kwamba humu ndani kuna fundi. Redio yako itapigishwa juma nzima kabla hujapewa. Redio haijali hilo. Redio haiishi kwa kuimba. Nilimweleza fundi kwamba diski si redio, kila mzunguko unakula, na yeye akanitazama kama nimemwambia kwamba kioo kinaisha kwa kuangaliwa.

"Na hii buloni?"

"Ilikuwa inaruka, mama. Nikaongeza kilo."

"Ilikuwa inaruka kwa sababu hii si sindano yangu."

Ndipo ilitoka. Ile iliyokuwa inalima diski ilikuwa sindano ya zamani kutoka kwenye sanduku lake la takataka, ameikata plastiki na kisu, ameibandika na gundi. Sindano yangu, ya yai, tuliyoitafuta miezi, alisema "haikukamata, iko fini, nyembamba sana." Akavuta tiroari ya kwanza ya meza, akavuta ya pili, akasogeza vyuma, akajifanya kutafuta. Mimi nilikaa kwenye kiti cha wateja na nikamwambia nitakaa hapo kama juu ya jipu, mpaka usaha au sindano, kimoja kitoke.

Akaketi. Akatoa kile kijiti mdomoni.

"Nilijaribisha kwa machine ya patron wa nganda. Ikakamata kule. Basi akaipenda. Ataleta."

Nganda ile iko nyuma ya soko. Wanapiga diski za zamani tangu mchana, watu wanacheza sakafu ya mbao, bia inamwagika juu ya vyote. Nilienda mpaka mlangoni. Patron mwenyewe alikuwa amesafiri Sake. Anayeuza bia aliniambia bila kuinuka: "Mama, mimi siguse machine ya patron. Na wewe usiiguse." Nilisimama nje nikisikia sindano yangu inafanya kazi kwa nyimbo za watu wengine. Ilikuwa safi sana. Hata tarumbeta ulisikia mtu anavuta pumzi kabla.

Nilirudi kwa mama mchuuzi na ile buloni ndani ya ngumi. Niliichukua, ndiyo, na ule mpira, na diski yangu. Tuliiweka juu ya mizani ya zahabu. Gramu tisa, na zaidi kidogo. Yeye akafanya ishara ya msalaba. Halafu tukaangalia diski na lupu. Mifereji ya ubeti wa kwanza imekuwa na rangi ya majivu. Ya ubeti wa tatu vilevile, isipokuwa chini, ndani kabisa, kulikuwa bado na mstari mweusi unaong'aa. Tuliuangalia muda mrefu. Nilikuwa naogopa kupumua.

"Iko kitu pale chini," alisema.

"Ya yai inaweza kufika."

"Kama haijaisha kule kwa pombe."

Hicho njo kilichonila juma lile. Mama hakuwa amekwisha. Yuko chini ya mfereji, mstari mmoja, na kitu pekee ninachojua kinachoweza kumfikia kilikuwa kinazungushwa kila mchana kwenye nganda. Nilipika uji ukaungua. Nilimvalisha mtoto nguo kinyume. Siku ya pili baba akapiga simu kutoka Pinga, kutoka kwenye kile kilima wanachopandia kutafuta rezo, mtandao wa simu, nilisikia upepo.

"Ulishamusikia?"

"Bado, Papa. Waya bado."

"Ukimusikia, kwenye ubeti ya tatu, utasikia anachelewa kidogo kuanza. Aliogopa. Padri alitaka arudilie, yeye akakatala."

Nilikuwa nimesikia, alichelewa kweli. Nilifikiri sindano imeruka.

"Uko pale?" baba aliuliza.

"Niko, Papa. Rezo tu."

Kesho yake nilienda kwa prezida wa corporation, chama cha mafundi wa soko. Alikuwa anakula mihogo na sombe, akanikaribisha na kiti, akasikiliza yote kwa heshima, halafu akasema: "Mama, wimbo gani? Tukuwekee kwa flash. Hata nyimbo mia zinaingia."

"Haiko kwa flash. Haiko popote."

"Nyimbo zote ziko kwa flash, binti."

"Hii mwenye kuiimba alikufa na aliimba mara moja."

Alitafuna. Akasema fundi ni mtu mwema, ana watoto, na patron wa nganda ni mtu wa kuheshimiwa, na kwamba sindano ni kitu kidogo, hata ukiangusha hauioni. Halafu akasema lile neno wanalosema wakitaka uende nyumbani: "Kama uko na malalamiko, andika. Sisi tunafanya kazi na karatasi." Alidhani sitaandika. Mama kijana, mtoto mgongoni, matope mpaka magoti.

Niliomba karatasi kwake yeye mwenyewe. Nikaandikia palepale, juu ya meza yake, pembeni ya mihogo. Nakala mbili. Sekretari wake alisoma, akaangalia prezida, akapiga muhuri. Iliandikwa hivi:

Kwa Bwana Prezida wa corporation ya mafundi wa soko, na nakala kwa chef wa kijiji.

Kuhusu: malalamiko juu ya sindano na diski.

Bwana Prezida, mimi mkaaji wa Burungu, mama wa mtoto mmoja, ninamlalamikia fundi wa redio wa barabara kubwa. Nilimpa kazi moja, kusude waya nne. Aliifanya, na kwa hiyo sina neno. Lakini alipiga diski niliyomkataza kwa maandishi, tangu siku ya ine mpaka siku ya posho, mbele ya mlango wake, kwa sindano isiyo yake iliyobandikwa na gundi, na juu yake buloni ya gramu tisa mahali ambapo karatasi ya machine inataka mbili. Buloni ninaiambatanisha. Imepimwa kwenye mizani ya zahabu mbele ya shahidi, na ninyi mnaweza kuipima tena.

Pia alitoa sindano yangu mpya bila kuniuliza na kuiweka kwenye machine ya nganda. Alama yake ni hii: plastiki nyeusi, ncha ya umbo la yai, inaonekana kwa lupu. Shahidi wangu anaitambua.

Siombi kulipwa, wala diski nyingine, kwa sababu hakuna. Kosa la kumwachia diski ni langu na nimelikubali. Ninachoomba ni mtu wa ofisi yenu aende pamoja nami kwenye nganda leo, si kesho, machine izimwe, na sindano itolewe na mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa sababu wao wataivunja. Kila wimbo unaopigwa pale unaipunguza, na kilichobaki kwenye diski yangu hakiwezi kungoja mkutano.

Ninaomba pia muwaambie mafundi wote wa corporation kwamba diski ya mteja si ya kuitia wapita njia. Mkiona ni vigumu kuwaambia, niiteni niwaambie mimi.

Ninangojea jibu hapa ofisini, kwenye kiti mlichonipa.